Gunia iko na kikomo, sahani haina

Kuko ripoti moja ya Ujerumani ambayo vijana wengi wanaofuata mambo ya mazingira wanapenda kutaja namba zake bila kuisoma. Ilitoka Septemba 2011, miezi sita kisha ajali ya Fukushima. Waliiandika Thomas Dersee na Sebastian Pflugbeil kwa ajili ya foodwatch, shirika la kutetea walaji, pamoja na tawi la Ujerumani la IPPNW, lile shirika la madaktari wanaopinga silaha za nyuklia. Kichwa chake kinazungumzia kifo cha mionzi kilichopigiwa hesabu. Inaomba Ulaya ishushe kikomo cha sesiamu katika maziwa na chakula cha watoto wachanga, kutoka bekereli 370 kwa kilo mpaka 8, na katika vyakula vingine kutoka 600 mpaka 16.

Kwa wenzangu waliosoma droit: bekereli moja ni atomu moja inayopasuka kila sekunde. Basi 8 kwa kilo ni mipasuko minane kwa sekunde ndani ya kilo moja ya unga. Basi, hakuna uchawi.

Mtu ataniuliza: Manono na Fukushima, wapi na wapi? Nitafika huko. Kwanza niseme ripoti hiyo inafanya nini vizuri, maana kuko watu wanaodhani kukosoa ni kubomoa tu.

Kitu cha kwanza: inakataa uongo kwamba kikomo ni ukuta, upande huu usalama, upande ule hatari. Serikali zote zinapenda kuongea hivyo. Lakini angalia kilichotokea Ulaya mwaka ule. Chakula kutoka nchi zilizoguswa na Chernobyl kilikuwa bado chini ya kikomo cha 370 na 600. Mwisho wa Machi 2011 Ulaya ikaweka kwa chakula cha Japani vikomo vya dharura vilivyokuwa vimetayarishwa tangu 1987: sesiamu 400 kwa chakula cha watoto wachanga, 1000 kwa maziwa, 1250 kwa vyakula vingi vingine. Yaani siku ambayo hatari imekuja, mlango umefunguliwa zaidi! Watu wakapiga kelele, na katikati ya Aprili wakashuka mpaka vikomo ambavyo Japani yenyewe ilikuwa inatumia wakati ule, 200 kwa maziwa na 500 kwa vyakula vingi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Aprili 2012, Japani ikashuka tena: 100 kwa vyakula vya kawaida, 50 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga, 10 kwa maji. Sesiamu ilikuwa ileile siku zote hizo. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu waliokaa mezani, na shinikizo la watu waliokuwa inje ya mlango. Hapo ripoti iko na haki kabisa: kila kikomo ni jibu la swali «tunakubali wangapi waumie?», na walaji wako na haki ya kuliuliza swali hilo kwa sauti.

Kitu cha pili: inaanza na mtoto. Haichukui mtu mzima ikigawanya kwa mbili. Inapiga hesabu ya mtoto kwa mtoto, na ya mtu mzima kwa mtu mzima.

Sasa tuje kwetu.

Sisi hapa tumekalia mwamba wa pegmatiti. Géomines ilichimba bati Manono na Kitotolo tangu wakati wa Wabelgiji, kisha Zaïre-Étain, mpaka kazi ikafa mwanzo wa miaka ya 1980. Walituachia mashimo yaliyojaa maji na ile milima ya mchanga mweupe ambayo kila mgeni anaipiga picha. Leo dunia yote inaongea lithiamu: AVZ, Zijin, Cominière, kesi juu ya kesi. Lakini lithiamu si kitu pekee katika mwamba ule. Kasiterite inatembea na koltani, na ndani ya koltani kuko uraniamu na toriamu. Hizo nazo ziko na watoto wao, nasema watoto kwa sababu ndivyo fizikia inavyowaita: radiamu, risasi-210, poloniamu-210. Hatukuletewa na ajali. Ziko ndani ya jiwe tangu jiwe lilipoganda. Jiwe likibaki chini, hayo yote yamelala. Ukilivunja, ukalisaga, ukaliosha mtoni na kutupa vumbi lake upepo, umeyaamsha.

Hapa ndipo jambo linaponiuma. Kanuni za kimataifa za kusafirisha vitu vya mionzi, zile za shirika la atomiki la Vienna, ziko na kikomo kwa ajili ya koltani. Mawe yenye uraniamu na toriamu ya asili yakizidi bekereli 10 kwa gramu, mzigo unakuwa wa daraja la 7: alama za mionzi, karatasi maalumu, na kampuni nyingi za meli hazitaki kuugusa. Wanunuzi wa inje wanajua hilo vizuri sana, wanapima kabla ya kupakia. Wanalinda nani? Baharia, mfanyakazi wa bandari, mfanyakazi wa kiwanda. Ni sawa, walindwe. Lakini gunia lile limepita mgongoni mwa kijana wa hapa, limelala ndani ya nyumba ambamo watoto wanalala, na vumbi lake limeanguka juu ya muhogo uliotandazwa kando ya njia ili ukauke. Kwa gunia kuko namba. Kwa muhogo, hapana.

«Lakini kuko Codex», mtu wa OCC atasema. Ndiyo, kuko Codex Alimentarius, kanuni yake namba 193 ya mwaka 1995, iko na jedwali la mionzi: 1000 kwa sesiamu, 100 kwa strontiamu-90 na iodini-131, 1 au 10 kwa plutoniamu. Isome maelezo yaliyo chini ya jedwali, si jedwali peke yake. Namba hizo ni kwa chakula kinachouzwa kati ya nchi na nchi, kisha ajali ya nyuklia. Mionzi ya asili imewekwa pembeni, wanaandika wazi kwamba haimo. Muhogo unaotoka shambani kwa mama na kufika katika sufuria yake mwenyewe hauvuki mpaka wowote na haukupata ajali yoyote. Basi kwa Codex haupo.

Tanzania, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, ilijenga kitu. Sheria yao ya 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye maabara Arusha, na chakula kinachoingia na kutoka kimepaswa kupimwa mionzi kwa miaka mingi. Wafanyabiashara wao walilalamika sana juu ya ada, na walikuwa na sababu. Hata hivyo tazama kichekesho: unga unaopanda boti Kigoma unaweza kufika Kalemie na cheti cha mionzi, kisha ukauzwa pembeni ya unga wa Manono ambao hakuna mtu aliyewahi kuuwekea mashine. Sisi pia tuko na sheria, namba 017/2002 ya tarehe 16 Octobre 2002, juu ya kujikinga na hatari za mionzi, na kuko kamati ya taifa huko Kinshasa inayobeba kazi hiyo. Sheria iko. Mashine ndiyo haifiki.

Kwa hiyo wenzetu wanapochukua «8 na 16» ya Wajerumani na kudai Kongo iandike hivyo kesho asubuhi, mimi nasema: mnadai dawa ya mgonjwa mwingine. Sababu zangu ni tatu, na ya kwanza ndiyo nzito.

Kikomo cha chakula hakitoki mbinguni. Kinatoka katika hesabu ya namna watu wanavyokula. Codex ilifikiri hivi: mtu mzima anakula kilo 550 kwa mwaka, na katika hizo, asilimia 10 tu ndiyo inayotoka pahali palipochafuka. Kilo 55. Zidisha na sesiamu 1000 kwa kilo, unapata kama milisivati 0,7 kwa mwaka, chini ya 1 ambayo ni kipimo cha raia wa kawaida. Hesabu ni safi. Lakini hiyo ni sahani ya nani? Ni sahani ya mtu wa supamaketi: ngano ya nchi hii, samaki wa nchi ile, ndizi kutoka ng'ambo. Japani walijua watu wao wanakula sana cha kwao, ndiyo maana mwaka 2012 walihesabu nusu ya chakula kuwa imechafuka, na kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga walihesabu chote. Sasa weka hesabu ya Codex Kitotolo. Bukari ni ya muhogo wa shamba moja. Sombe ni majani ya muhogo uleule. Samaki ni wa Lukushi. Maji ni ya kisima kilekile. Si asilimia 10 hiyo, ni karibu 100. Kwa sahani ya namna hii, kikomo kilekile kinamletea mtu kipimo mara kumi zaidi, milisivati 7. Mtu anayekula cha kwake peke yake, ndiye ambaye namba za dunia hazikumfikiria. Mkulima! Ninyi mliosoma agronomie mnaona maana yake: kadiri kaya inavyojitegemea kwa chakula, ndivyo kikomo cha kimataifa kinavyozidi kuwa cha uongo kwake.

Sababu ya pili ni aina ya mionzi. Ripoti ya Wajerumani inahusu ajali za mitambo ya nyuklia, kwa hiyo moyo wake ni sesiamu. Lakini bekereli moja si sawa na nyingine ndani ya mwili. Kwa mtu mzima, bekereli moja ya radiamu-226 ikimezwa inaumiza kama mara 21 kuliko ya sesiamu-137. Ya poloniamu-210 ni kama mara 92. Yaani bekereli 8 za poloniamu zina uzito wa 740 za sesiamu, kupita hata kikomo cha zamani ambacho Wajerumani wanakipinga. Ukiandika «8» katika sheria bila kusema 8 ya nini, umeandika pambo.

Na hapo mashine ndogo za mfukoni zinazouzwa sasa zinaweza kutuletea balaa. Kilo moja ya muhogo mbichi, msafi kabisa, uliolimwa hata mbali na mgodi wowote, iko na bekereli karibu 80 za potasiamu ya asili, na mwili wetu unajua kuipanga potasiamu hiyo, hauna shida nayo. Siku kijana mmoja atakapopeleka kamashine kake sokoni, kakalia karibu na bakuli la mama fulani, naye akapiga video, mama huyo amekwisha kazi. Hatauza tena. Na kamashine hakatasema chochote juu ya poloniamu, kwa sababu miali yake haivuki hata karatasi. Kupima radiamu kunataka spektromita ya gama na saa nyingi kwa sampuli moja. Poloniamu inataka kemia kwanza. Utetezi usiojua hilo unaumiza wale unaosema unawatetea.

Tatu: kikomo kikishuka, nani analipa? Ripoti za watetezi wa walaji zinaandikwa kwa watu wanaoweza kuacha bidhaa moja na kuchukua nyingine rafuni. Kisha Chernobyl, Norwe ilikuwa na kikomo cha 600 kwa nyama. Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini, nyama yao ilikuwa juu sana kupita hapo, kwa sababu kulungu wanakula kuvu za mawe zilizonyonya sesiamu. Novemba 1986 serikali ikapandisha kikomo cha nyama ya kulungu mpaka 6000, mara kumi, ili maisha ya Wasami yasifutike. Mwaka 1994 wakakirudisha mpaka 3000. Lakini hawakupandisha tu na kukaa. Walilipa fidia, walilisha kulungu chakula safi majuma kadhaa kabla ya kuchinja, waliwapa dawa inayofunga sesiamu tumboni. Mtu mkali wa usafi angesema 6000 ni aibu. Mimi naona serikali iliyojua inamhukumu nani. Kwetu, weka kikomo kikali bila feza ya fidia, utakuwa umemkataza mama kuuza, na jioni atakula yeye mwenyewe kile alichokatazwa kuuza.

Simaanishi tunyamaze. Utafiti uliochapishwa 2007 juu ya wachimbaji wa koltani wa Masisi ulionyesha kwamba njia kubwa ya mionzi kuingia kwao ni vumbi la kusaga na kuchekecha. Huo ulihusu mapafu ya wachimbaji. Swali la sahani ya jirani wa mchimbaji ni letu sisi wa kilimo, tusingoje watu wa migodi watuulizie.

Na kikomo cha kushikia tayari kiko, ajabu ni kwamba hatukitumii: maji. Miongozo ya OMS juu ya maji ya kunywa haibagui mionzi ya asili na ile iliyotengenezwa na watu. Inaanza na kipimo rahisi cha jumla, alfa 0,5 na beta 1 kwa lita. Ukizidi hapo, unatafuta moja moja: radiamu-226 kikomo 1, risasi-210 na poloniamu-210 kikomo 0,1 kila moja. Uraniamu mikrogramu 30 kwa lita, juu ya figo zaidi kuliko mionzi. Maji ya visima vya Kitotolo na ya mashimo ya zamani ambayo watu wanachota yangepimwa kwanza, leo, bila kungoja bunge liandike neno moja. Hiyo ndiyo kampeni ningeisaini kwa mikono miwili.

Kisha chakula, na hapa kazi ni ya agronome. Radiamu haipandi sana mpaka katikati ya mzizi wa muhogo, nyingi inabaki kwenye ganda na udongo ulioshikamana. Kumenya, kulowesha na kumwaga maji ya kwanza kunasaidia. Lakini muhogo ukitandazwa chini karibu na njia ya malori ya madini, umeurudishia vumbi ulilolitoa. Majani ni jambo lingine: risasi-210 na poloniamu-210 zinaanguka kutoka hewani juu ya jani, na sombe ni jani tupu. Kwa hiyo inawezekana kabisa mzizi uwe msafi na majani ya mti uleule yasiwe. Ukipima unga peke yake utapata jibu zuri la swali baya. Turubai ya kukaushia juu ya meza, umbali wa pahali pa kuoshea madini, kuosha sombe mara mbili: hayo ni mambo ya bei ndogo ambayo yangemlinda mama bila kumnyang'anya soko.

Feza itoke wapi? Kodi ya migodi ya 2018, nasema ile sheria ya code minier iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inadai kila kampuni ifanye mapatano na wakaaji, ile cahier des charges, na itenge asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Tumezoea kuomba shule, daraja, paa la kanisa. Sijaona mji mmoja wa kwetu ulioomba chakula chake kipimwe kabla mgodi haujaanza, ili kisha miaka kumi kuwe na namba ya kulinganisha. Lithiamu ikianza kwa nguvu, milima ile ya zamani itaguswa tena, na hakuna atakayeweza kusema nini kilikuwamo kabla. Kampuni itasema «ni ya asili», nasi tutasema «ni yenu», na wote wawili tutakuwa tunabahatisha.

Basi kama kuko mwanafunzi anayetafuta sujet ya mémoire, kazi iko hapa. Chukua muhogo mkavu, sombe na udongo kutoka mashamba ya chini ya milima ya mabaki, na vilevile kutoka mashamba ya mbali, pahali ambako hakuna aliyesaga koltani. Andika pahali kwa GPS, mwezi, kama mvua ilinyesha, muhogo ulikaushwa juu ya nini na hatua ngapi kutoka barabarani. Uliza kaya inakula kilo ngapi kwa juma na ngapi zinatoka shamba lilelile, kwa sababu bila hiyo namba ya maabara haina kazi. Usitaje jina la mama yeyote. Na sombe ile ioshwe kama anavyoiosha yeye mwenyewe jikoni, si zaidi.